Cheni ya dizeli kuukuu: Pima kwanza, injini isifunguliwe bure

KELELE ya cheni mbele ya injini kuukuu ya dizeli ina bei mbili. Ya kwanza ni ya fundi anayesikiliza kwa dakika moja, akatikisa kichwa na kusema injini ifunguliwe yote. Ya pili ni ya yule anayeomba kwanza spana na tochi, akapima, ndipo akataja kazi. Kwa mtu anayevusha mawese na dagaa pale Mugina, tofauti ya bei hizo mbili ni mtaji wa miezi kadhaa.

Nitazungumzia gari moja tu, Mercedes 240D iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1985, kwa sababu ndiyo ninayoifahamu na baadhi yetu tuliorudi ndiyo tuliyoimudu. Injini yake ina silinda nne na ujazo wa lita 2.4, na jina lake la kiwandani ni OM616. Ilianza kuonekana mwaka 1973 katika 240D ya umbo la kabla ya hapo. India nao walipewa leseni ya kuitengeneza, ikafungwa katika magari ya Bajaj Tempo, kampuni ambayo leo inaitwa Force Motors. Ndiyo maana gari limezeeka lakini vipuri havijakauka.

Kwanza hakikisha kwamba gari lako lina cheni. Hiace za injini ya 2L, 3L na 5L hutumia mkanda wa mpira, na Land Cruiser ya 1HZ vilevile. Mkanda haupigi kelele ya kukuonya. Hubadilishwa kwa kuhesabu kilometa, na asiyejua historia ya gari lake aubadilishe mara tu anapolinunua. Nissan yenye TD27 haina cheni wala mkanda, ina gia tupu. Nissan Navara ya YD25 ina cheni, na cheni zake za miaka ya mwanzo zilijipatia jina baya, ila kazi yake ni nyingine kabisa kwa kuwa lazima mbele ya injini pafunguliwe. Usichukue maelezo ya hapa ukayapeleka kwenye Navara.

Jambo la pili ni maneno. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Kiingereza. Shule ya msingi niliisoma katika makazi ya Katumba, wilayani Mpanda, na ufundi wa magari niliupata wakati wa likizo za sekondari, nikiwa chini ya malori na taa mkononi. Huko tulisema dizeli, spea, nozeli, taimingi cheni. Niliporudi Burundi mwaka 2008 nikakuta watu wanasema mazutu, piese na injekteri, na cheni yenyewe ni shene ya distribisyo. Ukimwambia muuza vipuri wa Bujumbura unataka "taimingi", anaweza kukuletea mkanda wa Toyota kwa nia njema kabisa. Na mwenzetu wa Bujumbura akienda Kigoma akaomba "tandere", hawamwelewi mpaka aseme tenshena. Dawa yake ni rahisi: nenda na namba ya injini iliyoandikwa kwenye karatasi, na kama cheni imeshatolewa, nenda nayo mkononi.

Sasa cheni yenyewe. Kazi yake ni kuunganisha vitu vitatu vizunguke kwa mpango mmoja: krankishafti iliyo chini, kamshafti iliyo juu inayofungua na kufunga valvu, na pampu ya dizeli iliyo ubavuni. Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Katika dizeli hii hewa hubanwa mara 21, maana yake pistoni hupanda karibu kabisa na hedi. Valvu ikichelewa kufunga kwa sababu cheni imeruka meno au imekatika, pistoni huigonga. Hapo valvu hupinda, roka huvunjika, na pengine pistoni yenyewe hutoboka. Baada ya hapo huna tena mjadala na fundi kuhusu kufungua injini, maana imeshajifungua.

Watu husema cheni "imevutika". Neno hilo hudanganya kidogo, kwa sababu chuma hakivutiki kama mpira. Kinachotokea ni kwamba kila pini inalika ndani ya tundu lake kwa kiasi kidogo kuliko unywele. Kiasi hicho ukikizidisha kwa pini zote za cheni, unapata milimita kadhaa. Ulegevu huo huifanya kamshafti ichelewe, na pampu ya dizeli nayo ichelewe. Gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi ya baridi kule Bururi, linatoa moshi, linapanda mlima likiwa limechoka. Mwenye gari anafikiri pampu imekufa. Wengi wametengeneza pampu ambayo haikuwa na ugonjwa.

Kwa hiyo tutenganishe sauti. Cheni iliyolegea hutoa mkwaruzo wa chuma mbele ya injini, hasa unapowasha asubuhi kabla oili haijafika kwenye tenshena, na tena unapoachia mafuta ghafla. Nozeli mbovu hugonga kama nyundo, pigo moja moja. Ukitaka uhakika, acha injini iungurume polepole, kisha legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza kidogo tu, uifunge, uende ya pili, hivyo hivyo hadi ya nne. Kitambaa kizunguke nati na uso ukae mbali, kwa sababu mafuta hayo hutoka kwa nguvu. Ukifika kwenye nozeli fulani na kelele ikapotea, umeshampata mkosaji, na cheni haina kesi. Kelele ikibaki ileile kwa nozeli zote nne, endelea na kipimo. Katika uhaba wa mafuta uliotusumbua kati ya 2022 na 2024, watu walitumia mazutu ya kwenye madumu ambayo hakuna aliyejua yalikopita. Nozeli nyingi ziliumia wakati huo na cheni zikasingiziwa.

Kipimo hakihitaji mashine. Weka gari pasipo na mteremko, gia iwe huru, matairi yazuiwe kwa mawe, waya wa betri utolewe. Boneti ya gari hili husimama wima kabisa, jambo ambalo nawashukuru Wajerumani kila ninapoifungua. Ondoa kifuniko cha juu ya valvu. Nyuma ya gia ya kamshafti kuna alama ndogo ya mkato, na kwenye mnara wa kwanza unaoshikilia kamshafti kuna alama nyingine ya mstari. Chini, kwenye puli ya krankishafti, kuna kipimo cha digrii na mbele yake kijiti cha kuonyesha.

Chukua boksi spana ya milimita 27, ifunge kwenye bolti ya puli ya krankishafti, uzungushe kwa upande wa mishale ya saa ukiwa umesimama mbele ya gari. Usizungushe kwa bolti ya kamshafti. Zungusha hadi alama mbili za juu zikutane sawasawa. Ukizipita, usirudi nyuma, kwa maana ukirudi ulegevu unahamia upande mwingine na kipimo kinakuwa cha uongo. Zunguka tena duru nzima. Alama zikikutana, shuka usome puli. Cheni mpya husoma karibu na sifuri. Digrii zinazozidi hapo ndizo ambazo cheni imechelewa.

Mimi hufuata hesabu hii: ikiwa 2 au 3, funga kifuniko uende nyumbani. Ikifika 5, anza kuweka akiba. Ikikaribia 10, safari ya Kasulu isubiri.

Jirani yangu wa Nyanza-Lac, aliyerudi mwaka mmoja na mimi, alipeleka 240D yake gereji moja mjini. Akaambiwa hedi itolewe, mbele ifunguliwe, pampu ipelekwe kwa mtaalamu. Bei aliyotajiwa ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya gari. Alikuwa ameanza kutafuta mnunuzi wa chuma chakavu. Tulipima Jumamosi asubuhi chini ya mwembe, na puli ikasoma 11. Hedi haikuwa na tatizo lolote. Pampu haikuwa na tatizo lolote. Cheni ilikuwa imelika, basi.

Hapo yupo fundi mwingine atakayekuja na njia ya mkato. Kuna kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachoishika gia ya kamshafti isiteleze. Vinatengenezwa vipande vyake vilivyopindishwa kwa digrii kadhaa ili kuirudisha kamshafti mahali pake bila kugusa cheni. Ni kifaa halali, na kwa cheni iliyochelewa digrii 4 au 5 yenye afya sina ugomvi nacho. Lakini kwa cheni ya digrii 11 ni kumpaka mgonjwa poda. Alama zitakutana vizuri, gari litawaka vizuri, na cheni itabaki ileile iliyolika. Muuzaji wa gari akikwambia "taimingi nimeshaiweka sawa", muulize aliiweka sawa kwa cheni mpya au kwa kile kipande.

Kununua. Cheni ya 240D ni ya safu mbili, yaani kila kiungo kina roli mbili zilizokaa bega kwa bega. Ukiletewa ya safu moja, rudisha. Dukani huuzwa za aina mbili: iliyofungwa duara kabisa, ambayo hutumika injini ikiwa imefunguliwa, na iliyo wazi yenye kiungo cha kuungia. Sisi tunataka iliyo wazi. Kiungo hicho kiwe na bamba la katikati, lile linalokaa kati ya safu mbili. Pakiti za bei ya chini wakati mwingine hukosa bamba hilo, na bila hilo ni bora ununue kamba ya kuvutia gari. Jina la iwis, watengenezaji wa cheni wa Ujerumani, linaheshimiwa na kwa hiyo linaigwa. Angalia kama limegongwa kwenye viungo vyenyewe, usiamini boksi. Na cheni ya mtumba usinunue hata ikipakwa oili ikang'aa, kwa sababu kulika kwake kumo ndani ya pini, mahali ambapo jicho halifiki.

Ukiitoa Gerezani, Dar es Salaam, na kuivusha kwa Manyovu, tunza risiti. Wengi wetu tumezoea utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, tukadhani kila kitu kidogo kinapita humo. Utaratibu ule ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Maharage yamo. Cheni ya Ujerumani si bidhaa ya Jumuiya hata ikikaa Kariakoo miaka kumi. Itangaze kama ilivyo, ulipe kinachotakiwa, uepuke kuiacha mpakani.

Kazi sasa. Mwaweza kuimaliza kwa siku moja mkiwa wawili, na lazima muwe wawili: mmoja wa kuzungusha chini, mwingine wa kushika cheni juu. Cheni mpya itaingia kwa kuvutwa na ile ya zamani, bila kugusa hedi wala mbele ya injini.

Ondoa kava la feni ili upate nafasi ya spana. Toa plagi za kupashia moto, zote nne, ili hewa isibanwe na injini izunguke kwa mkono laini. Mafundi makini hutoa pia roka, ili spiringi za valvu zisiisukume kamshafti ikaruka ghafla, nawaunga mkono. Weka alama zikutane. Toa tenshena, iliyoko upande wa kulia wa hedi karibu na nyumba ya themostati. Ni mahali pa kubana, usikate tamaa.

Kabla ya kukata chochote, ziba shimo lote linaloshuka na cheni kwa vitambaa safi. Hesabu vitambaa na uandike idadi. Kipande cha pini kikidondoka humo, kile kichekesho cha kufungua injini yote kitakuwa kweli. Kwa grenda ndogo, saga vichwa vya pini mbili za kiungo kimoja kilicho juu ya gia ya kamshafti. Sumaku ikae karibu kukusanya vumbi la chuma. Kabla hujazisukuma pini hizo nje, funga cheni kwenye gia pande zote mbili kwa waya mgumu. Ncha ya cheni ya zamani ikitumbukia chini, utaitafuta usiku kucha.

Pini zikitoka, unganisha ncha ya cheni mpya na ile ncha ya zamani inayoelekea kushuka injini inapozunguka, kwa kiungo cha muda. Toa vitambaa, vihesabu. Kisha wa chini azungushe polepole, upande uleule wa saa, na wa juu avute ncha ya zamani inayopanda, akihakikisha cheni haitoki kwenye meno ya gia hata mara moja. Msizungumze mambo mengine. Pale kwa jirani watu watatu walikuja kuuliza bei ya mawese katikati ya kazi, na mke wake akawafukuza wote watatu.

Cheni mpya ikishazunguka na kutokeza upande wa pili, toa ile ya zamani, rudisha vitambaa, na unganisha ncha mbili za mpya kwa kiungo chake chenye bamba la katikati. Kiungo cha kugongwa riveti ndicho ninachokipendelea, na kuna kifaa cha kuzibana. Mwenye nyundo mbili na mkono mtulivu pia huweza, mmoja akishikilia upande wa nyuma. Kama kiungo chako ni cha kipini cha kubana, upande wake uliozibwa utangulie mwendo wa cheni, na ule wenye mwanya ufuate nyuma. Ukikiweka kinyume kinaweza kuchomoka.

Tenshena usiirudishe ikiwa kavu. Izamishe kwenye kopo la oili safi ya injini, uibonyeze taratibu mara kadhaa hadi isitoe tena mapovu, ndipo uifunge. Tenshena yenye hewa huiacha cheni mpya ikichapa ukuta dakika za mwanzo, na hapo utamlaumu aliyekuuzia.

Wakati kifuniko kiko wazi, mulika reli za plastiki zinazoiongoza cheni. Reli yenye mfereji mwembamba wa kawaida inavumilika. Yenye ufa, au iliyokatika kipande, ibadilishwe hata kama kazi itaongezeka siku ya pili. Hushikwa na pini zenye uzi wa ndani, ambazo huvutwa kwa bolti yenye washa na kipande cha bomba, na kwa kuzifikia itabidi rejeta itoke. Reli za jirani yangu zilikuwa nzima. Ingekuwa kinyume, angeikosa soko la Jumanne.

Sasa zungusha injini kwa mkono duru mbili kamili kwa puli ya chini. Ukihisi imegonga kitu kigumu, simama hapo hapo. Usiongeze nguvu, usiombe mtu mwenye misuli. Kitu kigumu hicho ni valvu na pistoni, na kwa mkono bado hawajaumizana. Ikizunguka vizuri, alama zikutanishe na usome tena. Ya jirani yangu ilitoka 11 ikasoma 1.

Bado moja, na ndilo wanaloliruka wengi: pampu ya dizeli. Kwa kuwa nayo huendeshwa na cheni ileile, sasa imerudi mbele pamoja na kamshafti. Kama fundi wa awali alishaisogeza pampu kufidia cheni iliyolika, sasa itapiga mapema mno na injini itagonga kwa ukali. Kipimo chake ni digrii 24 kabla pistoni ya kwanza haijafika juu. Hili mpe anayejua kupima kwa matone, na umwambie wazi kwamba cheni ni mpya, asije akaisogeza tena kwa mazoea.

Badilisha oili na chujio siku hiyohiyo, kwa sababu vumbi la grenda halionekani lote. Baada ya hapo, oili kila kilometa 5,000. Cheni na tenshena huishi kwa oili, na oili nyeusi nzito ndiyo iliyozila pini za ile ya kwanza.

Cheni kuukuu ya jirani tuliitundika msumarini kando ya ukuta, tukaweka alama ya chaki mahali ambapo ile mpya ilikuwa imefikia kabla ya kuifunga. Tofauti ilikuwa chini kidogo ya sentimeta moja. Yule wa gereji alipita wiki iliyofuata kuulizia kama gari limeshauzwa. Alionyeshwa chaki.